Agnes Pockels, Mtafiti wa Jikoni

Kila siku, aoshaye vyombo katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, au katika nyumba za Area 47 mjini Lilongwe, huona tone la sabuni likiyafukuza mafuta juu ya maji. Wengi wetu huona tukapita. Agnes Pockels aliona, akapima.

Bibi huyo alizaliwa Venice tarehe 14 Februari 1862. Baba yake, ofisa wa jeshi la Austria, aliugua malaria akastaafu mapema, na mwaka 1871 jamaa yote ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alipenda sayansi, lakini vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Tena wazazi wake walikuwa wagonjwa, naye akabaki nyumbani kuwauguza. Vitabu alivipata kwa ndugu yake mdogo, Friedrich, aliyesomea fizikia.

Alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi alitengeneza beseni la bati, akaweka ukanda wa kusogeza juu ya maji, kisha kwa mizani akapima nguvu ya kung'oa kisahani kidogo usoni pa maji. Aligundua kuwa utando wa mafuta ukitandaa mno, mvutano wa uso wa maji haubadiliki. Ukibanwa kufikia kiasi fulani, mvutano hushuka ghafla.

Mwezi Januari 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza. Bwana huyo hakumdharau. Barua ilitafsiriwa kutoka Kijerumani, na jarida la Nature likaichapisha mwezi Machi. Baadaye Irving Langmuir wa Marekani aliliendeleza beseni lile, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huo huo Chuo cha Ufundi cha Braunschweig kilimtunuku Agnes udaktari wa heshima, naye ana miaka 70. Alifariki mwaka 1935.

Kipimo cha mvutano kingali kinatumika. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo. Nyingi zikiyeyushwa majini pamoja na sabuni, chembe za sabuni hujikusanya juu ya mnyororo mapema kuliko ambavyo zingejikusanya zenyewe kwa zenyewe. Hapo mvutano husita kushuka, kisha huendelea, na wataalamu wa shampuu na rangi hujua kilichotukia ndani ya maji.

Vijana wetu wasio na maabara na wayakumbuke maisha haya. Binti yule alianza na beseni.