Saint-Georges, Askari Mpiga Fidla

Tarehe 25 Desemba mwaka 1745, kisiwani Guadeloupe katika Bahari ya Karibi, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joseph Bologne. Baba yake alikuwa Mfaransa tajiri mwenye mashamba ya miwa. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Kwa sheria za wakati ule, mtoto wa namna hiyo hakuwa na haki ya kurithi cheo cha baba yake. Hata hivyo mzee huyo alimpenda mwanawe, na mwaka 1753 akampeleka Ufaransa kusoma.

Alipotimiza miaka 13 alitiwa katika chuo cha La Boëssière mjini Paris, bingwa wa kufundisha upanga. Aliyepata kupitia chuo cha maofisa atayafahamu maisha hayo: asubuhi vitabu, kisha upanga mpaka jioni, wala hapana udhuru. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa akiwashinda mabingwa. Mwalimu mmoja wa upanga wa mji wa Rouen, jina lake Picard, alimdhihaki hadharani kwa sababu ya rangi yake. Wakakutana uwanjani, na Picard akashindwa mbele ya umati wa watu.

Mwaka 1762 serikali iliamuru watu wote wenye asili ya Afrika waliokuwa Paris wajiandikishe. Joseph naye akaandikishwa, ingawa alipohitimu alipokelewa katika kikosi cha walinzi wa Mfalme na kuitwa Chevalier de Saint-Georges.

Sifa zake katika fidla zilienea upesi. Mwaka 1764 Antonio Lolli, mpiga fidla mashuhuri wa Italia, alimtunukia tungo zake mbili, na mwaka 1766 Mtunzi Gossec akamtunukia nyingine sita. Gossec alipoanzisha okestra ya Concert des Amateurs mwaka 1769, kijana wetu aliketi miongoni mwa wapiga fidla. Mwaka 1772 alisimama mbele ya okestra hiyo na kupiga peke yake tungo mbili alizozitunga mwenyewe. Tungo zake humtaka mpigaji apandishe vidole hadi juu kabisa ya shingo ya fidla, kisha ashuke ghafla bila kupoteza sauti. Mimi naona kwamba kifundo cha mkono kilichozoea upanga hakikuishangaa kazi hiyo.

Mwaka 1773 alikabidhiwa uongozi wa okestra nzima. Aliwafunza wapigaji kwa ukali na usahihi, hata wakahesabiwa miongoni mwa wapigaji bora wa Ulaya.

Ndipo mwaka 1776 jina lake likapendekezwa kwa ukurugenzi wa Opera ya Paris, kilele cha kazi ya muziki nchini humo. Wanawake watatu mashuhuri wa Opera hiyo, Sophie Arnould, Rosalie Levasseur na mcheza ngoma Marie-Madeleine Guimard, walimwandikia Malkia kwamba heshima yao haingewaruhusu kupokea amri kutoka kwa chotara. Hoja haikuwa ustadi wake. Saint-Georges alijiondoa, na Mfalme akaiweka Opera chini ya watumishi wa jumba lake. Msomaji aliyewahi kusubiri cheo anachokistahili atapima mwenyewe uzito wa siku ile.

Alipata kutoa amri kwa watu wa aina nyingine. Mwaka 1792, katika Mapinduzi ya Ufaransa, kiliundwa kikosi cha wanajeshi weusi na machotara, naye akawa Kanali wake. Miongoni mwa maofisa wake alikuwamo Alexandre Dumas, aliyekuja kuwa Jenerali. Mwaka 1793 alivuliwa ukamanda, akatiwa gerezani karibu mwaka mzima bila ya kuhukumiwa. Baada ya kufunguliwa, akarudi kwenye fidla.

Alifariki mjini Paris mwezi wa Juni mwaka 1799. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Napoleon yaliurudisha utumwa kisiwani Guadeloupe.