Hertz: Fundi wa vipimo aliyefichua mawimbi ya redio

WENGI humkumbuka Heinrich Hertz kama Mjerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio. Wachache hufahamu kwamba ushindi huo ulitokana na vipimo alivyoviunda mwenyewe.

Alizaliwa mjini Hamburg mnamo Februari 22, 1857, babake akiwa wakili. Tangu utotoni alijifunza useremala na kukereza, ustadi uliomfaa baadaye katika maabara ya Profesa Hermann von Helmholtz jijini Berlin, alikohitimu shahada ya uzamifu mnamo 1880.

Mwaka wa 1883 alieleza kifaa cha kupimia umeme wa mkondo geu. Waya mwembamba ulipashwa moto na umeme, ukarefuka, na kurefuka huko kukaonyesha ukubwa wa mkondo. Joto hutokea hata mkondo ukigeuka kwa kasi mno. Ndiposa mafundi wa mitambo ya awali ya redio walitegemea mita za waya moto kupima mkondo ulioingia kwenye antena, kisha wakakokotoa nguvu ya mtambo.

Huko Karlsruhe, kati ya 1886 na 1888, kipokezi chake kilikuwa kitanzi cha waya wa shaba chenye mwanya mdogo uliorekebishwa kwa skrubu. Akiwa gizani, alipima mwanya mpana zaidi ambao cheche iliweza kuuruka. Mawimbi yalipofifia, hata mwanya mwembamba uliishinda. Aliweka bati la zinki ukutani ili liyarudishe mawimbi, akatambua mahali cheche zilipokoma, na hivyo akapata urefu wa wimbi.

Hata hivyo, kifaa kizuri hakikuzuia hesabu kupotoka. Mfaransa Henri Poincaré alibaini kwamba Hertz alikosea kukokotoa kasi ya mitetemo ya mtambo wake, kasoro iliyoathiri kasi ya mawimbi aliyoikadiria. Hertz hakubisha, alikiri kosa hilo katika kitabu alichochapisha mnamo 1892.

Aliaga dunia mjini Bonn mnamo Januari 1, 1894, kabla ya kutimiza miaka 37, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Aliacha mjane, Elisabeth, na mabinti wawili. Mnamo 1960, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliidhinisha jina lake kuwa kizio cha masafa, ambacho vituo vya redio hukitumia hadi leo.