Idina Sackville: Mlowezi wa gari la fahari aliyefia Mombasa

LEDI Idina Sackville, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1893, alikulia katika mapenzi ya magari: babake, Earl De La Warr, ndiye aliyeandaa mashindano ya magari ya Bexhill mwaka wa 1902, yanayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo.

Alipohamia Kenya mara ya pili, mwaka wa 1924, pamoja na mumewe wa tatu, Josslyn Hay, gari lao la Hispano-Suiza lilitimua vumbi hadi Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua. Wazungu pekee ndio walioruhusiwa kumiliki ardhi katika nyanda hizo. Kibera, Nairobi, askari wastaafu wa Kinubi waliopigania himaya hiyo hiyo waliishi kwa idhini tu, bila hatimiliki.

Anasa haikumkinga Idina. Ndoa zake zote tano zilivunjika. Hay aliuawa kwa risasi karibu na Karen mwaka wa 1941. Wanawe wawili wa kiume waliuawa vitani, 1943 na 1944. Mwenyewe alifariki Mombasa mwaka wa 1955.

Wanubi walisubiri zaidi: hatimiliki ya ekari 288 za Kibera walikabidhiwa mwaka wa 2017.