Shaaban Robert: Karani Aliyewaachia Wanawe Hati

Safari hii tunamkumbuka marehemu Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mashuhuri wa lugha yetu. Alikuwa Mwislamu, nasi Wakristo wa Konde tunaoishi na ndugu zetu Waislamu tunayo mengi ya kujifunza kwake.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, kusini ya Tanga, ng'ambo ya bahari yetu. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akawa karani wa forodha mjini Pangani. Baadaye alihamishwa idara mbalimbali, hata akafika Longido, na mwishowe akarudi Tanga. Chini ya serikali ya Waingereza cheo chake kilibaki cha ukarani. Mchana aliandika barua za ofisi. Vitabu aliviandika kwa saa zake mwenyewe.

Kisha msiba ulimfika. Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto wawili, mvulana na msichana. Shaaban alimlilia kwa shairi ambalo watu wengi walilijua kwa moyo. Lakini hakukaa na machozi tu. Alimtungia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na binti yake Utenzi wa Hati, akiwafundisha kumcha Mungu, kushika adabu na kuishi vema na watu. Sisi huku mzazi humwandikia mtoto hati ya shamba la mikarafuu. Karani huyu aliandika hati ya mwenendo.

Hakusahau watu wengine. Katika Kusadikika, kilichotoka 1951, alionyesha jinsi watawala wanavyowaadhibu wenye kuleta mawazo mema, na wasomaji wengi waliona humo sura ya ukoloni. Mwaka 1958 ulitoka wasifu wake wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka katika umaskini.

Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa kwao. Baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapwa baada ya kifo chake.

Wazazi wenzangu, mikarafuu hunyauka, na mashamba huleta ugomvi baina ya ndugu. Mafundisho mema hayagawanywi mafungu. Kila mtoto huyapata yote. Tusingoje kufa ndipo tuwape. Tuanze jioni ya leo, baada ya sala.