Montessori alianzia kwa watoto waliosahauliwa

Jina Montessori wengi wetu huliona juu ya malango ya shule za chekechea, hasa zile ambazo karo zake humfanya mzazi akune kichwa. Imekuwa kana kwamba ni jina la shule za wenye nacho. Lakini Montessori alikuwa mtu, tena mwanamke daktari, na vile vitu vya mbao ambavyo watoto wa matajiri huchezea havikubuniwa kwa ajili yao. Asili yake ni kwa watoto waliokuwa wamefungiwa katika hospitali za wendawazimu mjini Roma, ambao watu walikuwa wamekwisha kukata kauli kwamba hawafundishiki.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, mji mdogo karibu na pwani ya mashariki ya Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alipenda sana vitabu. Msichana huyu alisoma shule za ufundi zilizojaa wavulana, kisha akang'ang'ania udaktari hadi akahitimu katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka wa 1896. Wako wanaosema alikuwa daktari wa kwanza wa kike nchini mwake. Sivyo, wachache walimtangulia, lakini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Alipata kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho, nayo ikampeleka kuzuru hospitali za wendawazimu. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili, ambao siku hizo waliitwa punguani mchana kweupe, wamewekwa chumbani kama mahabusu. Hapakuwa na cha kuchezea wala cha kushika. Walipomaliza kula walijitupa sakafuni wakiokota makombo ya mkate. Mama aliyewalinda aliwaona kuwa walafi na kuwachukia. Daktari kijana aliona jingine: chakula walikuwa wamekipata, lakini mikono yao ilikuwa na njaa, na makombo ndiyo kitu pekee chumbani mle ambacho vidole viliweza kukichezea. Kwangu mimi, kazi yote ya mwanamke huyu inaanzia kwenye makombo hayo.

Aliingia vitabuni kutafuta nani aliwahi kujaribu kuwasaidia watoto wa namna hii. Akamkuta Itard, daktari Mfaransa aliyeishi kati ya 1774 na 1838, na ambaye alimfundisha Victor, mvulana aliyetoka msituni huko Ufaransa mwaka wa 1800. Victor alifyatuliwa bastola nyuma yake asishtuke, lakini kokwa ikivunjwa hata polepole aligeuka upesi. Masikio yake yalikuwa mazima, ila yalikuwa yamefunzwa na msitu. Baada ya Itard akaja Séguin (1812-1880), aliyewafundisha watoto wa aina hiyo kwa vifaa vya kushika, hata vifungo vya nguo. Kitabu chake cha kurasa 600 Montessori alikinakili kwa mkono, kwa Kiitalia, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka wa 1900 shule ya kuwafunza walimu wa watoto hao ilifunguliwa Roma, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Mchana alikuwa na watoto, usiku akiandika aliyoyaona. Vifaa alivyoendelea kuvibuni, na kuvieleza katika kitabu chake cha 1909, ni rahisi hata mtu hushangaa. Chukua vibao vya sentimita 6 kwa 8. Vyote vina ukubwa mmoja, lakini vimekatwa kutoka miti ya aina tatu, kwa hiyo kimoja kina gramu 24, kingine 18 na kingine 12. Mtoto hufumba macho, akavipima mikononi na kuvitenga. Viko na visanduku vya kutikisa, kimoja kina mchanga, kingine kokoto, na sikio ndilo huamua. Ziko na herufi za msasa ambazo kidole huzifuata kabla jicho halijazisoma. Baadaye zikaja fremu zilizokatwa kwa umbo la majani ya miti. Mchanga na kokoto, msomaji, hapa kwetu haviuzwi dukani.

Ninalolipenda zaidi ni kile kibao chenye matundu 10 na vigogo 10 vya kutumbukiza. Mtoto akikosea, kigogo kimoja hubaki bila tundu lake. Hakuna wa kumkemea. Mbao zenyewe humwambia. Kwa mtoto aliyezoea kuitwa mjinga, hilo si jambo dogo.

Baadhi ya watoto wale walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa kawaida, wakafaulu. Watu walimsifu Montessori, naye akajiuliza ni nini kinachowarudisha nyuma wale wazima. Ndipo tarehe 6 Januari 1907 alipofungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini, na sifa zake zikaenea duniani. Wale wa kwanza wakasahauliwa tena.

Kuna jambo jingine nisilopenda kuliruka. Mwaka wa 1898 alimzaa Mario na daktari mwenzake, Montesano, yule yule aliyeongoza naye shule ya 1900. Hawakuoana. Mtoto alipelekwa kulelewa shamba, huku mama akihangaikia watoto wa wengine. Alipomchukua, Mario alikuwa mvulana mkubwa, na kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba ni mpwa wake.

Serikali ya Mussolini iligombana naye, akaondoka Italia mwaka wa 1934. Mwaka wa 1939 yeye na Mario walikwenda India. Vita vilipofika, Waingereza wakamtia Mario kambini kwa kuwa ni Mwitalia. Mama alipotimiza miaka 70, mkuu wa serikali ya Uingereza huko alimrudishia Mario kama zawadi, akimtaja wazi kuwa ni mwanawe.

Tarehe 6 Mei 1952, huko Noordwijk, Uholanzi, wawili hao walikuwa wakizungumza juu ya safari ya Gold Coast, ambayo mwaka wa 1957 iliitwa Ghana. Kulitakiwa mtu wa kuwafunza walimu. Mario aliona mama yake, akiwa na miaka 81, hana nguvu za kwenda. Mama alitaka kwenda. Mario akatoka chumbani kidogo. Aliporudi alimkuta amekata roho.