Mizani ya Rangi: Maisha ya Joseph Fraunhofer

Msafiri aendaye Nairobi kutoka Mombasa hawezi kuupita mji wa Mariakani bila ya kuiona mizani. Malori husimama foleni, yakapanda bamba la chuma moja baada ya jingine, na uzito wa kila mhimili ukajulikana kwa tarakimu. Hapo dereva hana la kubisha, ijapokuwa kubisha hubisha. Pasipo na chombo kama hicho uzito wa shehena hubaki kuwa jambo la kukisiwa kwa jicho, na jicho la mwenye lori na jicho la askari hayaoni mamoja. Katika ufundi wa darubini hali ilikuwa hiyo hiyo hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Fundi alitazama nyota, akaona ukungu wa rangi kuizunguka, akatoa hukumu kwamba lenzi ni njema au si njema. Fundi wa pili akatazama lenzi ile ile, akahukumu kinyume. Aliyeleta mizani mahali pa makisio ni yatima wa Kijerumani aliyeitwa Joseph Fraunhofer. Makala haya yanasimulia maisha yake pamoja na kazi yake, kwa kuwa viwili hivyo haviachani.

Ni muhimu kwanza kueleza tatizo lenyewe. Neno darubini limetujia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni chombo cha kuona mbali. Darubini za mwanzo zilikuwa na lenzi moja ya mbele, nayo lenzi hupinda mwanga. Mwanga mweupe, hata hivyo, si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa rangi zote tuzionazo katika upinde wa mvua, na kioo hakizipindi kwa kiasi sawa. Buluu na urujuani hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Kwa hiyo kila rangi hukutania mahali pake, na mtazamaji akizipatanisha rangi za katikati, zile za pembeni humtokea kama pindo la rangi kando ya kila king'aacho. Newton mwenyewe alilikatia tamaa jambo hili, akaunda darubini ya kioo cha kuakisi mnamo mwaka 1668. (Lugha yetu, kwa bahati mbaya, huita vyote viwili kioo, cha kupitisha mwanga na cha kuurudisha.) Baadaye Chester Moor Hall, mwanasheria wa Uingereza, aligundua katika miaka ya 1730 kwamba lenzi mbili za vioo tofauti, moja iliyovimba katikati ya kioo cha krauni na moja iliyobonyea ya kioo kizito cha flinti chenye risasi ndani yake, zaweza kufuta sehemu kubwa ya kasoro hiyo. John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi pacha kama hizo mwaka 1758 na jina lake likavuma.

Lakini lenzi pacha hazikuwa zimemaliza shida. Ili fundi ajue zipindwe kiasi gani, ilimlazimu kujua kila kioo hupinda nyekundu kiasi gani na buluu kiasi gani. Nyekundu ipi? Katika upinde wa rangi nyekundu haina mpaka. Hufifia polepole ikawa machungwa, nayo machungwa ikawa manjano. Vipimo viwili vya kioo kimoja havikuwa na sababu ya kulingana. Mafundi walibaki kujaribu, kusugua tena na kujaribu tena.

Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 katika mji wa Straubing, Bavaria, akiwa mtoto wa 11 wa fundi wa vioo vya madirisha. Mama yake alifariki mwaka 1797, baba yake mwaka uliofuata. Walezi wake wakampeleka Munich kwa fundi wa vioo vya kujitazamia, Philipp Weichselberger, ajifunze kazi kwa miaka 6 bila ya ujira. Uanagenzi huo ulikuwa karibu na utumwa. Mtoto alifanya kazi za nyumbani zaidi ya za ufundi, na bwana wake hakutaka kumwona na kitabu wala kumruhusu kwenda shule ya Jumapili.

Mnamo tarehe 21 Julai 1801 nyumba hiyo ilianguka. Mke wa Weichselberger alikufa chini ya kifusi, na mwanagenzi wa miaka 14 akafukuliwa akiwa hai baada ya saa kadhaa. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alifika mahali pa maafa mwenyewe na kumpa kijana huyo dukati 18. Pamoja naye alikuwapo Joseph von Utzschneider, mwanasiasa na mfanyabiashara, ambaye alimletea vitabu vya hisabati na vya elimu ya mwanga. Wasimulizi wengi hupenda kukoma hapa na kuiita ajali hiyo bahati. Msimamo huo una walakini. Fraunhofer alitumia dukati zake kununua mashine ya kukatia vioo na kujikomboa katika miezi iliyosalia ya uanagenzi, akajaribu kujitegemea kwa kuchonga kadi za majina, akashindwa, na akalazimika kurudi kwa bwana yule yule. Miaka 5 ilipita tangu kufukuliwa kwake hadi alipoajiriwa mwaka 1806 katika kiwanda cha vyombo vya kupimia ambacho Utzschneider alikiendesha pamoja na Georg von Reichenbach na Joseph Liebherr. Miaka hiyo aliijaza kwa kusoma kwa siri.

Kiwanda cha lenzi kilihamishiwa Benediktbeuern, katika majengo ya monasteri iliyokuwa imefungwa. Huko alikuwako Mswisi Pierre Louis Guinand, mzee aliyejua siri ya kukoroga kioo kikiwa tanurini ili kisiwe na viputo wala michirizi. Mzee na kijana hawakupatana. Guinand alijua kwa mikono; Fraunhofer alitaka kila tanuri iandikiwe hesabu yake. Utzschneider alimwelekea kijana, na kufikia mwaka 1811 Fraunhofer ndiye aliyesimamia hata uyeyushaji. Guinand akaondoka mwaka 1814. Ni haki kukiri kwamba pasipo mikono ya mzee huyo, hesabu za Fraunhofer zingekosa kioo cha kuzibeba.

Hapo ndipo swali la nyekundu ipi lilipomkabili. Kwanza alitumia taa, kwa kuwa aliona kwamba mwali wa taa ukipitishwa kwenye prizimu hutoa mstari angavu wa manjano ambao haubadiliki mahali pake. Alama hiyo moja ilikuwa mwanzo mwema, ila haikutosha. Mnamo mwaka 1814 akaujaribu mwanga wa jua. Alitia giza chumba, akaacha ufa mwembamba dirishani, akaweka prizimu umbali wa futi 24 kutoka ufa huo, na nyuma ya prizimu akaweka darubini ndogo ya chombo cha kupimia pembe. Alitarajia kuuona ule mstari angavu. Badala yake upinde wa rangi ulimtokea umekatwakatwa na mistari myeusi isiyohesabika kwa haraka. William Wollaston wa Uingereza alikuwa ameona michache mwaka 1802 akaidhania kuwa mipaka ya rangi. Fraunhofer aliitazama upya, akageuza vyombo, akabadilisha vioo, na mistari ikabaki pale pale: ilikuwa ya mwanga wenyewe. Alichora ramani ya mistari 574 na kuipa ile mikubwa herufi, kuanzia A katika nyekundu hadi urujuani.

Wanahistoria wa sayansi humkumbuka kwa ugunduzi huo kana kwamba ndio uliokuwa shabaha yake. La hasha. Yeye alikuwa akitafuta mawe ya mizani. Sasa fundi aliweza kusema kwamba kioo hiki kinapinda mstari C kiasi hiki na mstari F kiasi hiki, na fundi wa nchi nyingine akapima mistari ile ile. Hakuishia hapo. Alipima pia jinsi jicho la binadamu linavyouona mwangaza wa kila sehemu ya upinde, akakuta kwamba manjano ndiyo iliyo kali zaidi, na akaonyesha kwamba jicho lenyewe lina kasoro ya rangi kama lenzi ya kawaida. Kwa hiyo lenzi zake alizisawazisha kwa ajili ya jicho, akizipa uzito zaidi zile rangi ambazo jicho huziona vizuri. Hili, kwa maoni ya makala haya, ni jambo kubwa kuliko ramani ya mistari, ingawa halina sifa kama hiyo.

Lenzi pacha, hata hivyo, huweza kuzikutanisha rangi mbili tu kikamilifu. Zilizosalia hubaki nyuma kidogo. Masalio hayo yanaonekana mpaka leo katika darubini yoyote ndogo ya aina hiyo. Mtu aliyeko Mariakani akijitenga na taa za malori jioni ya mwezi wa Februari, ataikuta nyota ya Sirius iko juu sana, nusura utosini. Nyota ya juu ndiyo ifaayo, maana iliyo karibu na upeo hutawanywa rangi na hewa yenyewe, na lenzi ikalaumiwa bure. Akiipatanisha nyota hiyo kwa ukuzaji mkubwa, ataona kiini cheupe chenye kuelekea manjano kikizungukwa na ukungu hafifu wa urujuani. Akilisogeza bomba la jicho ndani kidogo, nyota itapanuka kuwa duara lenye ukingo mwekundu wa zambarau. Akilivuta nje, ukingo utageuka kuwa wa kijani na wekundu utaingia katikati. Mabadiliko hayo yakiwa hafifu, lenzi imesawazishwa vyema. Ukungu ukiwa mzito hata kuficha kingo za mwezi, ama kioo ni kibaya au bomba ni fupi mno kwa upana wa lenzi. Lenzi ya milimita 60 katika bomba la milimita 900 huonyesha rangi kidogo sana, ilhali ya milimita 100 katika bomba la milimita 500 hujaa urujuani. Ndiyo sababu mabomba ya Fraunhofer yalikuwa marefu.

Bomba refu kuliko yote aliyoyakamilisha lilipelekwa Dorpat, ambao leo ni mji wa Tartu nchini Estonia, mwaka 1824. Lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 24, bomba lilizidi mita 4, na mtambo wa saa uliendeshwa kwa uzani ili kuifuata nyota inavyokwenda. Kwa chombo hicho Wilhelm Struve aliorodhesha nyota pacha 3,112 katika kitabu chake cha mwaka 1827.

Sifa zilikuja kwa shingo upande. Andiko lake kuhusu mistari lilichapishwa na Akademia ya Bavaria mwaka 1817, lakini walikuwamo wanachama waliopinga asipewe nafasi kamili kwa kuwa hakusoma chuo kikuu. Machoni pao alikuwa fundi. Pwani ya Kenya inao mfano wa karibu. Mmishonari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai, si mbali na Mariakani, alisimulia theluji aliyoiona Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London na asiyewahi kufika, akamkanusha kwa miaka mingi. Kwa upande wake Fraunhofer alikabidhiwa mkusanyiko wa vyombo vya fizikia vya Akademia mwaka 1823, na mwaka 1824 akatunukiwa nishani iliyomwongezea von katika jina lake.

Lakini kulikuwa na fumbo katika uwazi wake. Aliitangazia dunia mistari yake, ila hakutangaza namna ya kutengeneza kioo. Wageni walionyeshwa mengi, tanuri hawakuonyeshwa. Siri hiyo ilikuwa mali ya Utzschneider na riziki ya kiwanda. Waingereza walipoona soko la darubini limewatoka, Royal Society iliunda kamati, na Michael Faraday akatumia miaka ya mwisho ya 1820 kuyeyusha vioo kwa matumaini ya kuwafikia Wajerumani, bila ya mafanikio ya kutosha.

Fraunhofer hakuoa. Afya yake ilikuwa dhaifu, na huenda mvuke wa risasi wa matanuri ulichangia. Alifariki Munich tarehe 7 Juni 1826 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 39. Kiwanda kiliendelea mikononi mwa mafundi aliowafunza, miongoni mwao Georg Merz. Kwa chombo kilichobuniwa na Fraunhofer na kukamilishwa baada ya kifo chake, Friedrich Bessel alipima mwaka 1838 umbali wa nyota 61 Cygni. Na kwa darubini ya kiwanda hicho Johann Galle aliiona sayari Neptune huko Berlin tarehe 23 Septemba 1846. Maana ya mistari yenyewe ilijulikana mwaka 1859, Gustav Kirchhoff alipoeleza kwamba kila elementi hufyonza mistari yake mahususi. Orodha za viwanda vya vioo vya lenzi bado hueleza jinsi kioo kinavyotawanya rangi kwa kupima kati ya mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, nayo hutajwa kwa herufi alizoipa Fraunhofer: C na F.