Mbaraka Mwinshehe: solo la gitaa ni mali ya nani?

Hapa Mgololo, tukiweka wimbo wa Mbaraka Mwinshehe kwenye kipindi cha zilipendwa, maombi huwa ni lile lile: tusikate mwisho. Wasikilizaji wanataka pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa la solo kushika njia. Sehemu hiyo ndiyo inayosumbua zaidi wanaposhughulikia hakimiliki.

Mbaraka alizaliwa Juni 1944 na jina lake likakulia Morogoro. Katikati ya miaka ya 1960 aliingia Morogoro Jazz. Neno jazz lisiwachanganye vijana. Enzi hizo bendi za dansi zilijiita hivyo kuanzia Tabora hadi Dar es Salaam, na kilichopigwa kilikuwa rumba iliyotiwa ladha ya ngoma za nyumbani. Lakini kwa jambo moja zilifanana na jazz ya Marekani: solo halikuandikwa popote. Mpigaji alilitoa kichwani papo hapo, na kesho yake ukumbini lilikuwa jingine. Watu wakampa Mbaraka jina la Soloist National, na mwaka 1970 bendi yake ikaenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka.

Mwaka 1973 aliondoka, akaunda Super Volcano na mtindo wake wa Masika. Mtindo wenyewe sheria haiulindi. Yeyote anaweza kupiga Masika, mradi asichukue wimbo.

Wimbo uliorekodiwa una wenyewe watatu: mtunzi, mpigaji na mwenye rekodi. Kwa Tanzania ya wakati ule, mwenye rekodi mara nyingi alikuwa mbali, maana nchi haikuwa na kiwanda cha santuri na bendi zilifuata kampuni za Nairobi. Sheria ya Hakimiliki ya 1966 ililinda tungo na rekodi. Mpigaji kwa kupiga kwake tu hakuwa na chake. Sheria ya 1999 ndiyo iliyomletea hakishiriki, yaani haki ya mtu aliyepiga au kuimba kazi hata kama hakuitunga.

Sasa solo tuliweke wapi? Likihesabiwa kuwa ni utunzi uliozaliwa mbele ya maikrofoni, basi mpiga solo ni mtunzi mwenza. Likihesabiwa kuwa ni upigaji tu, fungu lake ni dogo zaidi. Marekani walishaonja uchungu huo: mwaka 1939 Coleman Hawkins alirekodi Body and Soul kwa saksafoni, akaugusa wimbo mwanzoni tu kisha akaenda zake, na bado mtunzi anayetambuliwa kwa rekodi hiyo ni Johnny Green.

Mbaraka ana nafuu katika hili, kwa kuwa nyimbo nyingi alitunga, akaimba na kupiga solo mwenyewe. Tunaowaonea huruma ni waliosimama nyuma yake. Mpiga rithim, besi na saksafoni nao walibuni vipande ambavyo leo watu wanavipigia mluzi, na majina yao hayakuandikwa kwenye lebo ya santuri. (Mji wetu unatengeneza karatasi, ingetosha moja tu yenye saini zao.)

Alifariki Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Baadaye kampuni ya Kenya ikakusanya nyimbo zake katika mfululizo wa Ukumbusho, na kwa wengi wetu huko ndiko tulikomjulia. Kwa sheria ya 1999, tungo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo nyimbo alizotunga zinabaki mikononi mwa warithi, au wa waliouziwa haki hizo, hadi mwisho wa 2029. Rekodi zina hesabu yake nyingine. Bendi ya harusi inayopiga solo lake noti kwa noti bado inapaswa kuomba kibali.